Mwenzi Asiyeonekana

Katika mabaraza ya wazee wetu, shahidi aliulizwa swali moja kabla ya mengine yote: "Uliona kwa macho yako?" Akijibu kwamba aliona, alisikilizwa. Akijibu kwamba alisikia au alidhani, aliambiwa akae chini. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake, kwani maneno ya kusikia yamevunja nyumba nyingi. Hata hivyo, mambo mengi tunayoyajua kwa yakini hayakupata kuonwa na jicho la mtu yeyote. Hakuna aliyeuona upepo. Tunauona mnazi ukiinama. Hakuna aliyeiona njaa ya mwenzake. Anaona mashavu yaliyobonyea. Basi swali la wazee linahitaji kuongezewa la pili, nalo ni gumu zaidi: kama hukuona kwa macho, umejuaje, na umengoja muda gani kabla ya kusema?

Nimelifikiria swali hili la pili kwa miaka mingi, kwanza kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa fizikia, na pili kwa sababu moja ya nyumbani nitakayoieleza huko mbele. Sijaona mahali linapojibiwa kwa unyofu zaidi kuliko katika kazi ya wanafalaki wanaotafuta sayari kando ya nyota kongwe zilizovimba. Napenda, msomaji mwenzangu, tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua, kwani ndani yake mna somo ambalo halihusu nyota peke yake.

Watu wengi hudhani kwamba sayari za nyota nyingine hutazamwa kwa darubini kama tunavyoutazama mwezi. Chache zimepigwa picha, lakini zilizo nyingi hazijaonwa na mtu. Nuru ya sayari ni hafifu mno, na nyota yake humeza kila kitu kilicho karibu nayo. Aliyewahi kukutana na lori usiku katika barabara nyembamba anajua jambo hili. Taa zikikupiga machoni, humwoni hata aliyekaa ubavuni mwa dereva.

Iko njia ya kumjua huyo aliye ubavuni bila kumtazama yeye kabisa. Mfikirie baba anayemshika mwanawe mikono yote miwili na kumzungusha uwanjani. Mtoto huruka duara kubwa huku akicheka. Lakini ukiiangalia vizuri miguu ya baba, utaona naye hakusimama palepale. Anajivuta nyuma, anazunguka kiduara chake kidogo, maana mtoto naye anamvuta. Mtoto akiwa mzito, kiduara cha baba hupanuka. Sasa chukulia kwamba ni usiku na mtoto amevaa nguo nyeusi. Unamwona baba tu, akiyumba mbele na nyuma kwa mpigo usiobadilika. Utasema: huyu ana mtu mkononi.

Ndivyo sayari inavyoivuta nyota yake. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote za Jua letu, hulifanya Jua liyumbe kwa kasi ya kama mita 12 na nusu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa daladala katika barabara isiyo na msongamano, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 12 kukamilika. Dunia yetu nayo hulivuta Jua, ila kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kobe.

Je, mwendo wa daladala hupimwaje kwa nyota ambayo nuru yake imesafiri miaka 30 na zaidi kabla ya kutufikia? Kanuni yake ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, lakini sote tunaijua kwa masikio. Simama kando ya barabara kuu. Basi likija huku likipiga honi, sauti ni nyembamba. Likishakupita, sauti hiyohiyo hushuka ikawa nzito. Dereva hakubadili honi. Mawimbi ya sauti hubanwa basi linapokuja na hunyooshwa linapokwenda. Mwaka 1845 Mholanzi mmoja, Buys Ballot, aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, akawaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize, na masikio yao yakaithibitisha kanuni hiyo. Nuru nayo hufanya vivyo hivyo. Nyota ikija upande wetu, nuru yake husogea kuelekea buluu; ikituacha, husogea kuelekea wekundu.

Nuru ya nyota ikitawanywa rangi zake kama upinde wa mvua, ndani ya rangi hizo huonekana mistari myeusi myembamba, ambayo Joseph Fraunhofer aliichunguza kwa makini katika nuru ya Jua mnamo 1814. Leo tunajua kwamba kila mstari ni alama ya elementi fulani iliyomo katika nyota, kama vile chuma au sodiamu, na mahali pake panafahamika. Nyota ikiyumba, mistari yote husogea pamoja. Lakini husogea kidogo mno. Kwa mwendo wa Jua linalovutwa na Mshtarii, badiliko ni kama sehemu 4 katika milioni 100. Chombo chenyewe kikipata joto au baridi kidogo, mistari husogea kuliko hapo. Kwa hiyo baadhi ya wapimaji huipitisha nuru ya nyota ndani ya chupa ya gesi, kwa mfano mvuke wa iodini, ambayo mistari yake inajulikana barabara. Ni kama kuweka kitambaa na futi ya fundi cherehani juu ya meza moja: meza ikitikisika, vyote hutikisika pamoja, na kipimo hakiharibiki.

Ni kwa kupima mwendo wa namna hii kwamba, mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva waliitangaza sayari ya 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua letu. Waliipima kutoka Haute-Provence nchini Ufaransa. Sayari hiyo huizunguka nyota yake kwa siku 4 na robo hivi, na mwaka 2019 wawili hao walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Habari hiyo imesimuliwa sana. Mimi hunivutia zaidi habari za nyota zilizozeeka, kwa kuwa huko kazi ni ngumu zaidi na majaribu ya kusema haraka ni mengi zaidi.

Nyota kama Jua ikimaliza haidrojeni iliyomo moyoni mwake, huanza kuvimba. Uso wake hupoa na kuwa mwekundu, na upana wake huwa mara kumi, hata mara arobaini, ya ulivyokuwa. Hizo ndizo nyota majitu. Aldebaran, ile nyota nyekundu inayofuata Kilimia, upana wake ni zaidi ya mara 40 ya Jua. Waarabu waliipa jina lenye maana ya mfuasi, kwa sababu kila usiku huchomoza nyuma ya Kilimia kama mtu anayemwandama mwenzake. Pollux, iliyo angavu zaidi katika Mapacha, upana wake ni kama mara 9 ya Jua.

Kwa nini mtu atafute sayari kwa wazee hawa? Sababu ya kwanza ni kwamba nyota nzito, zenye uzito wa Jua mara mbili au tatu, ujanani huwa na joto kali na aghalabu hujizungusha mbio. Joto hufuta mistari mingi, na mbio huitandaza iliyobaki hata isisomeke, mfano wa maandishi yaliyoingia maji. Zikizeeka, hupoa na kupunguza mzunguko, na mistari hutokea kwa wingi, myembamba na safi. Nyota ya namna hiyo haisomeki ujanani; husomeka uzeeni. Sababu ya pili inatuhusu sisi wenyewe: Jua letu nalo litakuwa jitu baada ya miaka kama bilioni 5, na anayetaka kujua mwisho wa familia ya Jua hana budi kutazama familia za nyota zilizokwisha kufika huko.

Lakini mzee huyu anayesomeka vizuri ana shida yake. Hatulii. Uso wake huchemka kama uji jikoni, na mapovu yake ni makubwa mno. Mwili mzima hupwita, ukipanuka na kujikunja. Tena huenda akawa na mabaka yanayozunguka pamoja naye, na kwa kuwa amevimba, kujizungusha kwake mara moja kwaweza kumchukua mamia ya siku. Hapo ndipo penye mtego, kwani sayari nyingi zinazotafutwa kwa majitu nazo huzunguka kwa mamia ya siku. Baka likiingia na kutoka upande unaotuelekea, mistari huonekana kuyumba kwa mpigo uleule ambao sayari ingeuleta. Mpimaji anamwona baba akiyumba gizani. Je, ana mtoto mkononi, au ni miguu yake tu inayotetemeka kwa uzee?

Ziko habari mbili za kweli zinazoonyesha jinsi swali hilo lilivyo gumu.

Ya kwanza ni ya Gamma Cephei, nyota iliyokwisha kuingia uzeeni, iliyo karibu mno na ncha ya kaskazini ya anga hata sisi tulio kusini ya ikweta hatuipati vizuri. Wanasayansi wa Kanada, Bruce Campbell, Gordon Walker na Stephenson Yang, waliipima kwa darubini iliyo juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Gesi ya kipimo waliyoitumia ilikuwa haidrojeni floridi, gesi kali ya sumu, nao wakafanya nayo kazi kwa miaka. Mwaka 1988 walichapisha kwamba huenda nyota hiyo ina mwenzi wa ukubwa wa sayari. Wakati huo hapakuwa na sayari hata moja ya nyota nyingine iliyokwisha kuthibitishwa. Mwaka 1992, wakiwa na vipimo vingi zaidi, Walker na wenzake waliandika kwamba yamkini kuyumba kule kulitokana na nyota yenyewe inavyojizungusha. Walirudi nyuma. Miaka 3 baadaye dunia nzima ikaizungumzia 51 Pegasi.

Kisha, mwaka 2003, Artie Hatzes akishirikiana na wenzake, wakiwamo Wakanada wale wale, waliunganisha vipimo vya Hawaii na vipimo vya Texas vilivyofuata, vyote vya zaidi ya miaka 20. Mpigo ulikuwa uleule, wa siku 900 na kitu, bila kufifia wala kuchelewa. Mabaka hayana uaminifu wa namna hiyo. Sayari ilikuwapo tangu mwanzo. Leo inaitwa Tadmor, jina la kale la mji wa Palmyra nchini Syria.

Wako wanaoisoma habari hii kama habari ya watu waliokosa bahati. Mimi huiona kwa namna nyingine. Mwaka 1988 walisema kile vipimo vilichowaruhusu kusema. Mwaka 1992 wakafanya hivyo tena, ingawa kusema huko kuliwaondolea sifa. Si wengi kati yetu tungeweza.

Habari ya pili ni ya Gamma Draconis, ambayo jina lake la zamani ni Eltanin, kutokana na neno la Kiarabu la joka. Nyota hii ina desturi ya kuwapa watu wasichokitafuta. Mwaka 1725 Waingereza wawili, Samuel Molyneux na James Bradley, walianza kuipima kwa sababu hupita karibu juu kabisa ya utosi wa mtu aliyeko London. Walitaka kupata dalili ya umbali wake. Nyota ikasogea kweli, lakini si kwa namna waliyoitazamia. Baadaye Bradley alitambua kwamba aliyekuwa akisogea ni Dunia, na mwendo wa Dunia ulikuwa ukiinamisha nuru machoni petu, kama mvua inyeshayo wima inavyompiga usoni mtu aliye juu ya baiskeli.

Karibu miaka 280 baadaye wapimaji wa sayari wakairudia nyota ileile. Kuanzia 2003 hadi 2011 Eltanin iliyumba kwa mpigo mzuri wa siku 702. Hesabu zikaonyesha sayari yenye uzito wa zaidi ya mara 10 ya Mshtarii. Hiyo ni miaka 8, mizunguko minne kamili. Nani angekataa? Lakini waliendelea kupima, na mwaka 2011 mpigo ukakoma ghafla. Nyota ikakaa kana kwamba haijapata kuyumba. Mwaka 2014 mpigo ukarudi, ila haukushika pale ulipoachia, mfano wa mpiga ngoma aliyetoka nje kunywa maji, akarudi na kuanza popote. Sayari haina ruhusa ya kutoka nje. Njia yake ni moja, na saa yake haisimami. Mwaka 2018 Hatzes, yuleyule wa Gamma Cephei, pamoja na wenzake wakachapisha kwamba ilivyoonekana kuwa sayari ni badiliko la nyota yenyewe, huenda la aina mpya isiyojulikana vizuri.

Nilisema kuna sababu ya nyumbani. Mama yangu mzazi alipotimiza miaka sabini na mmoja aligundulika kuwa na presha. Nikapewa mimi kazi ya kumpima kila Ijumaa asubuhi, kwa kuwa niliishi karibu naye na mashine nilijua kuitumia. Nikanunua daftari, nikaandika tarehe na namba. Namba zilipanda na kushuka, na hapakuwa na aliyejua kwa nini. Dada yetu mkubwa alisema, "Ni uzee huo." Kaka alikuwa na wazo jingine. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekwenda Arabuni kutafuta kazi, na simu zake zilikuwa za shida: mara mwajiri hajalipa, mara anataka kurudi na hana nauli. Kaka akaliomba daftari, akatia alama nyekundu kila wiki ambayo mdogo wetu alikuwa amepiga simu. Kwa muda wa miezi kumi na mitatu, alama zile na vilele vya namba vilikwenda pamoja karibu kila mara. Hakuna aliyeweza kubisha. Kaka akasema tumwambie asimpigie mama tena. Apige kwetu, nasi tutamfikishia mama yale yanayofaa.

Mama alipoelezwa alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Wanangu, msinikatie mtoto kwa sababu ya daftari. Andikeni mwaka mwingine."

Tuliandika mwaka mwingine. Mwaka ule zilikuja simu na namba zikalala. Kisha namba zikapanda wiki tano mfululizo wakati mdogo wetu hajapiga hata mara moja. Alama nyekundu na vilele viliachana kama watu wasiojuana. Daktari alibadili dawa, hali ikatulia kwa sehemu, na mpaka mama anafariki miaka minne baadaye hatukupata kujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiipandisha presha yake. Katika simu yao ya mwisho, mama na mwanawe walizungumza karibu saa nzima, mambo ya mihogo na bei ya samaki. Hebu fikiri kama simu hiyo isingekuwapo.

Ndiyo maana habari ya Eltanin haikuwa ngeni kwangu nilipoisoma. Kumtwika mzigo mwenzi asiyeonekana ni rahisi, kwa kuwa hayupo kujibu, na namba zikipangana vizuri huwa na sauti kubwa kuliko ya mtu. Lakini msomaji asije akadhani somo ni kukana kila asiyeonekana. Kukana nako kuna hatari yake. Mara ngapi mzee amelalamika kizunguzungu au maumivu ya mgongo, tukamjibu "ni uzee huo," kumbe lilikuwapo jambo la kutibika? Gamma Cephei inatuonya upande huo. Kuyumba kwake kulidhaniwa kuwa ni mambo ya nyota yenyewe, kumbe palikuwa na mtu mkononi.

Wala wapimaji hawangoji wakiwa mikono mitupu. Huchunguza kama mwangaza wa nyota unapanda na kushuka kwa mpigo uleule wa kuyumba, kwani baka jeusi huupunguza mwangaza ilhali mvuto wa sayari hauupunguzi. Huchunguza umbo la mistari: nyota ikivutwa na sayari, mstari husogea mzima mzima, likipita baka, mstari hupindika upande mmoja. Tena hupima katika nuru ya infraredi, ambayo jicho haliioni, kwa kuwa sayari huyumbisha rangi zote sawasawa, ilhali baka halina usawa huo. Baada ya yote hayo, bado shahidi mkuu ni muda.

Mara nyingine umbo la njia yenyewe hutoa ushahidi. Mwaka 2002 Sabine Frink na wenzake, wakipima kutoka Lick huko California, walitangaza sayari ya Iota Draconis, ya kwanza kuthibitishwa kwa nyota iliyo jitu hasa. Sayari hiyo huzunguka kwa siku kama 511 katika njia iliyorefuka sana kama yai jembamba. Kwa hiyo nyota huenda polepole kwa muda mrefu, kisha huruka ghafla sayari inapopita karibu. Ni vigumu kwa baka au mpwito wa nyota kuigiza mruko wa namna hiyo.

Kwa Pollux ilihitajika subira. Kuyumba kwake kwa muda mrefu kulitangazwa mwaka 1993, pamoja na kwa Aldebaran na Arcturus. Mwaka 2006, baada ya vipimo vilivyoenea miaka 25, sayari yake ya siku 590 hivi ikakubaliwa. Hata hivyo mwaka 2021 waliopima usumaku wa nyota hiyo walionyesha kwamba nao hubadilika kwa kipindi kisicho mbali na hicho, na swali likafunguliwa upya. Jambo hili haliwaaibishi wanafalaki hata kidogo. Laiti na sisi tungekuwa tayari kulifungua upya shauri tulilokwisha kulimaliza.

Ama kuhusu mwisho wa familia ya Jua, majitu yameanza kutupa dalili. Jua litakapovimba litaimeza Utaridi, na yamkini Zuhura pia. Kuhusu Dunia wataalamu hawajakubaliana. Lakini iko nyota inayoitwa Baekdu, ambayo sayari yake, Halla, ilitangazwa kutoka Korea mwaka 2015. Majina hayo ni ya milima ya huko. Halla huzunguka kwa siku 93 tu, karibu nusu ya umbali uliopo kati yetu na Jua. Mwaka 2023 watafiti walionyesha, kwa kusoma mipwito ya nyota hiyo, kwamba imekwisha kupita hatua ya kuvimba sana, na kwa hesabu ya kawaida ilipaswa kuwa imeimeza sayari yake. Nayo Halla ipo. Wamependekeza kwamba huenda Baekdu zamani ilikuwa nyota mbili zilizoungana, na muungano huo ukaizuia isivimbe kiasi kile.

Msomaji akitaka kuyaona haya kwa macho, asihitaji darubini. Usiku wa Desemba, mbali na taa za mji, atafute Kilimia upande wa mashariki, kisha ashuke mpaka kwenye nyota nyekundu inayokifuata. Hiyo ni Aldebaran. Karibu nayo kuna nyota ndogo zilizopangika kama herufi V. Aldebaran imekaa kwenye ncha moja. Kwenye ncha ya pili kuna nyota hafifu zaidi iitwayo Ain, yaani jicho. Mwaka 2007 Bun'ei Sato na wenzake, wakipima kutoka Okayama nchini Japani, walitangaza kwamba Ain, yenye uzito wa Jua mara 2.7 hivi, ina sayari nzito inayoizunguka kwa siku kama 595. Kuhusu Aldebaran, kundi moja lilitangaza sayari ya siku 629 mwaka 2015, na mwaka 2019 kundi jingine, lenye vipimo vya ziada, likaonyesha kwamba ushahidi hautoshi.

Nyota mbili, upana wa vidole viwili angani, zote nyekundunyekundu, zote zinayumba. Moja imekubaliwa kuwa na mwenzi. Ya pili imeandikiwa kwamba wapimaji waendelee kuandika.